Saumu ya Alhamisi

Kazi yangu ni kukanda unga. Watu wakiniuliza nafanya nini katika jengo la utafiti wa mbegu huwajibu hivyo, nao hudhani nawatania. Kabla ya hapo nilikuwa nakaanga sambusa katika hoteli moja ya Kabalagala, hapa Kampala, ambako mteja huja na njaa yake lakini adabu ameiacha nyumbani. Nilipochoka kuitwa kwa mluzi, nikasikia kuna daktari Mkenya, daktari wa mbegu si wa sindano, anatafuta mtu anayeijua ngano kwa mikono. Nikaenda. Alinipa donge la unga uliokandwa, akaniuliza lina shida gani. Nikamwambia halina mvuto, ukilivuta litakatika. Akalivuta, likakatika, akaniajiri.

Daktari huyo ni mwanamke wa makamo, mpole, anakaa Kansanga na kila Jumapili yuko kanisani. Shughuli yake ni kutafuta ngano isiyotesa matumbo ya watu. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga ushikamane, uvutike bila kukatika, na mkate uumuke ukajaa hewa. Sasa kuna watu ambao kitu hicho hicho hakipatani nao. Wakila mkate tumbo linavimba, kichwa kinagonga, mwili unachoka bila sababu. Kwa miaka mingi daktari amekuwa akichanganya ngano na ngano, akichagua zile ambazo sehemu ile yenye kusumbua imepungua, akizipanda huko mashariki kwenye miinuko yenye baridi. Mavuno yakija yanasagwa, yanatiwa kwenye mifuko midogo, yanaletwa mezani kwangu.

Mimi nakanda, naumua, naoka, halafu nasema ukweli. Ukweli wenyewe mara nyingi ulikuwa mchungu. Ukipunguza gluteni mno, unga unakuwa kama matope ya mtoni, na mkate unatoka umelala chali. Ukiipunguza kidogo tu, mkate unapendeza lakini tumbo la mtu litalia vilevile. Kazi yote iko hapo katikati, na hapo katikati ni pembamba sana. Nimetupa mikate mingi ambayo hata kuku wa jirani waliitazama wakapita.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya mshahara na utulivu, basi. Nilianza kuipenda kwa moyo baba yangu alipougua.

Sisi ni Wanubi wa Kyebando. Babu zetu waliletwa huku kutoka Sudan wakiwa askari wa mkoloni, wakabaki, wakaoa, wakazaa, na leo ukituuliza kwetu ni wapi tutakuonyesha mlango wa nyumba. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipostaafu alibakiwa na mgongo mbovu, redio, na marafiki watatu aliokua nao. Mama alikwisha tangulia mbele ya haki, na mimi niliyeachika mapema nikarudi nyumbani kumtunza, ingawa yeye huwaambia watu kwamba ndiye anayenitunza mimi.

Kila Ijumaa baada ya sala, wazee hao wanne hula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Sinia ni moja. Katikati kuna bakuli kubwa la mchuzi wa nyama, na kuzunguka bakuli kuna gurusa, mkate wetu wa ngano wa kumimina kwenye kikaango, mnene na laini, ambao mwanamke wa Kinubi akiukosea atasemwa mpaka kaburini. Kila mtu anamega, anachovya, anakula, wanabishana kuhusu siasa, wanakunywa chai, wanasinzia. Baba alikuwa akiingoja Ijumaa kuliko hata pensheni.

Kisha akaanza kukonda. Tumbo likawa haliko sawa, damu ikapungua, suruali zake nikawa nazipunguza kiunoni mara kwa mara. Tulizunguka hospitali tukitibiwa minyoo, vidonda vya tumbo, na hofu zetu wenyewe. Mwishoni daktari mmoja kijana akampima damu, akamwingiza kamera tumboni, akatuambia ni siliaki. Mwili wake unaiona ngano kama adui, na katika kupigana nayo unaujeruhi utumbo wenyewe, ndiyo maana chakula hakimfai kitu. Dawa ni moja tu, kuacha ngano maisha yake yote. Si gurusa peke yake, bali hata makombo yakidondoka kwenye mchuzi. Akaongeza kwamba mzee asipopata nyama mwilini upesi, damu na mifupa yake vitamwangusha.

Nyumbani haikuwa taabu. Mtama upo, matoke yapo, muhogo upo, mchele upo. Kilichomuuma baba ni Ijumaa.

"Waambie," nilimshauri. "Hao ni ndugu zako."

"Niwaambie nini? Mimi, mtoto wa Kinubi, gurusa imenishinda? Watasema nimerogwa. Ama wataacha kula, wote wanne tukae na muhogo kama watu wa jela. Sitaki kuharibia watu sinia yao."

Ijumaa ya kwanza alijaribu ujanja wa kula nyama tu. Lakini bakuli ni moja, mikono mingine mitatu inachovya gurusa humo humo, na kufika alasiri alikuwa amejikunja kitandani. Ijumaa iliyofuata, sinia lilipoletwa, akaweka mkono kifuani akasema, "Nyinyi kuleni. Mimi leo nimefunga."

Hapo ndipo alipokosea, maana alisahau anakula na nani. Mmoja wa wale watatu ni polisi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande, na Afande haachi jambo lipite bila kulihoji.

"Ijumaa peke yake haifungwi," alisema. "Iko makuruhu. Mpaka uunganishe na Alhamisi, ama na Jumamosi."

"Jana pia nilifunga," baba akajibu haraka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya baba ilikuwa na mzunguko wake. Aliona vibaya kumsingizia Mungu saumu. Basi tangu wiki hiyo akawa anafunga kweli, Alhamisi na Ijumaa, ili uongo wake usiwe uongo. Nilipomwona akila daku Alhamisi ya kwanza nilidhani kachanganya miezi. Aliponieleza nilikaa chini. Mgonjwa aliyeambiwa anenepe, anajinyima chakula siku mbili kila wiki, na anafanya hivyo kwa ucha Mungu. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama uji wa mtama umebaki.

Ndipo nikaanza kuitazama ile mifuko ya daktari kwa jicho jingine. Kama ngano isiyotesa ingepatikana, baba angemega gurusa na wenzake na hakuna mtu angejua lolote. Nilimsimulia, na tangu siku hiyo nikirudi kutoka kazini kabla sijavua viatu ananiuliza, "Ngano yangu leo imeumuka?" Nikimwambia imelala anatikisa kichwa kama shabiki ambaye timu yake imefungwa. Nikimwambia imenyanyuka kidogo anapata hamu ya kula. Nilianza kuwahi kazini. Nilikanda kwa dua.

Wakati huo kule kwenye sinia mambo yalikuwa yanakwenda nisivyojua vizuri. Nilichosikia ni kwamba mzee mmoja kati ya wale watatu naye ameanza kufunga Alhamisi na Ijumaa, kisha wa pili. Mtaani wakasema wazee wa Kyebando wameongoka. Imamu aliwasifu. Baba alirudi kutoka msikitini siku hiyo amenuna, hakutaka kueleza sifa hizo zilimkera nini.

Basi likaja donge moja ambalo mpaka leo mikono yangu inalikumbuka. Lilivutika. Nililivuta mpaka likawa jembamba kama kitambaa cha mtandio, mwanga ukapita, na halikukatika. Mkate wake uliumuka ukasimama. Nikamwomba daktari ruhusa nijaribu na gurusa, naye akacheka, akasema sawa. Nilimimina kwenye kikaango, nikageuza, na harufu iliyotoka ilikuwa ya jiko la mama yangu siku ya Idi. Nikasema kimya kimya, baba, ngano yako imefika.

Daktari alichukua kipande cha kwanza akala taratibu. Yeye alikwisha kubali kuwa mmoja wa waonjaji wa mradi, pamoja na wengine ambao ngano inawasumbua. Nilijua hali chapati za mkahawani, lakini mpaka siku hiyo sikujua ni kwa sababu gani. Alikula kipande kizima, akaweka mkono tumboni kama anayesikiliza.

"Tangu niko msichana huko nyumbani," alisema, "chapati ya Krismasi nailipia siku mbili. Kama hii haitanilaza leo, nitamshukuru Mungu."

Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikamwomba gurusa mbili tu nimpelekee baba. Alijua habari za baba, nilikuwa namsimulia kila siku. Uso wake ukabadilika.

"Hapana, dada. Hiyo siwezi."

"Si umeila mwenyewe?"

"Nimeila kwa sababu kwa watu kama mimi inasumbua kidogo tu. Mimi tumbo yangu inalalamika tu. Mzee wako si kulalamika. Yeye utumbo wake inaumia, inakatika ndani. Hapa gluteni imepungua, haijaisha. Kwake hata ile kidogo ni moto."

"Basi ipunguze tena."

"Ikiisha kabisa haitakuwa ngano ya kukanda. Wenzetu dunia nzima wanaitafuta hiyo, mimi pia naitafuta. Lakini sitakudanganya kwamba mzee ataiona. Usimpe, tafadhali. Nakuomba kama dada yako."

Nilibishana naye, na ninapobishana sauti yangu husikika mpaka barabarani. Nilimwambia kwa hiyo mikono yangu yote hii nimekanda kwa ajili ya watu wenye gesi. Hakukasirika. Alinimiminia chai, akakaa na mimi mpaka nikaishiwa maneno, na kwa kweli nilikuwa namwonea wivu tu. Yeye alikuwa amekula gurusa, baba hajala. Sikuwa na ubaya naye zaidi ya huo.

Jioni baba aliniuliza swali lake. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuzunguka, yote yakanikimbia.

"Imeumuka, baba. Imeumuka vizuri sana. Lakini si yako."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Alizima redio. Akauliza, "Itawafaa akina nani?" Nikasema watu kama daktari, ambao ngano inawachokoza lakini haiwajeruhi. "Ni wengi?" Nikamwambia naona ni wengi. Akafikiri kidogo. "Basi si hasara. Kanda kwa ajili yao." Kisha akaenda kulala bila kula. Ilikuwa Jumatano. Alfajiri nikamsikia anaamka kula daku.

Nilimfuata jikoni. "Baba, sasa utafunga mpaka lini?"

"Mpaka mimi nife, ama wao."

Alisema kwa mzaha, lakini mikono iliyoshika kikombe ilikuwa imebaki mifupa na ngozi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa nakisikia kilio hicho kinakuja, na aliyekuwa na haki ya kukizuia ni yeye peke yake, maana mtoto hawezi kwenda mtaani kutangaza tumbo la baba yake.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yetu. Niligawa mapishi kama kawaida. Gurusa za wageni nilizipikia uani kwa kikaango chake, na ndani nikaacha sufuria ya nyama ambayo haikuguswa na ngano, pamoja na kisra, mkate mwembamba wa mtama mtupu, futari ya baba ya jioni. Wazee walirudi kutoka msikitini wakaketi mkekani. Nikaweka sinia. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mzee mmoja akasema amefunga. Wa pili akasema naye pia. Baba akamgeukia Afande, ambaye siku zote ndiye aliyebaki akila, huku akinung'unika kwamba mtu mzima hali peke yake kama mbwa.

"Afande, kula."

"Na mimi nimefunga," alisema Afande. "Jana na leo. Siwezi kila wiki kukaa hapa natafuna, nyinyi mnanitazama tu. Nimeona haya, banange. Mimi ndiye kafiri wa hapa?"

Nilikuwa naondoka na birika la maji ya kunawa, nikasimama. Afande ana sukari. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na kila mtu pale anajua kwamba hata Ramadhani daktari wake humkataza kufunga. Nilimtazama vizuri. Jasho lilikuwa limemtoka usoni na hakukuwa na joto. Mkono uliokuwa gotini ulikuwa unatetemeka.

Baba naye aliuona mkono ule.

"Umekunywa dawa zako?"

"Nimekunywa."

"Bila chakula?"

"Wewe si mgonjwa na unafunga? Angalia vile umekonda. Mungu ndiye anajua."

Baba alijisogeza mkekani mpaka ubavuni kwa Afande. "Binti, leta chai, tia sukari nyingi, imemshuka," aliniambia. Kisha akamshika Afande mkono. "Fungua. Fungueni wote. Saumu yangu iko ya uongo."

Chai nilikuwa nayo tayari kwenye chupa. Nilimnywesha Afande mimi mwenyewe, kwa sababu kikombe kilikuwa kinamgonga meno, na huku baba akizungumza. Alisema yote. Kamera tumboni, makombo, Ijumaa ya kwanza aliyojikunja kitandani, Alhamisi alizozianza kwa sababu ya swali la Afande. Alisema hakutaka wao waache gurusa kwa ajili yake. Aliwaambia pia kwamba alikuwa anangoja ngano mpya kazini kwangu, na kwamba ngano hiyo imefika lakini imefikia watu wengine. Hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Sijawahi kumwona baba yangu akilia hata siku tuliyomzika mama, na sikupenda kumwona.

Afande alimaliza kikombe, akanipa nimwongezee, akamaliza na cha pili. Jasho likaanza kumkauka. Halafu akamwangalia baba kwa lile jicho lake la kituoni.

"Wewe umenishindisha njaa kwa sababu ya gurusa?"

"Ndiyo."

"Na imamu ametusifu msikitini."

"Ndiyo."

Mzee mmoja akaanza kucheka puani. Alijizuia akashindwa, yule wa pili akamfuata, na Afande akawaambia wanyamaze huku mabega yake mwenyewe yanacheza. Alipotulia alilisukuma sinia mbele yangu.

"Saumu ya sunna mwenyewe ana ruhusa ya kufungua. Ondoa hii, binti. Hii sinia uioshe, na hiyo bakuli uioshe. Ile chakula yake baba yako iko?"

"Ipo, lakini ni mtama tu na nyama. Haitawatosha nyote."

"Itatosha."

Baba akasema, "Afande, wewe kula gurusa yako, imepoa bure."

"Wewe nyamaza. Umeongea ya kutosha leo."

Niliosha sinia lile kwa sabuni na maji ya moto, nikalisuuza, nikaliosha tena, na wazee wanne wenye njaa wakakaa wakiningoja bila hata mmoja kuuliza kwa nini nachelewa. Nikapakua sufuria yote. Kisra niliipanga kuzunguka bakuli kama gurusa zinavyopangwa. Wakanawa upya, maana mikono yao ilikuwa imegusa ukingo wa lile sinia la kwanza, na wazo hilo la kunawa halikutoka kwangu.

Baba akasema bismillahi. Alimega, akachovya, akala, na mikono mingine mitatu ikaingia humo humo kwenye bakuli. Afande akakata mnofu mkubwa akausukuma upande wake. Baba aliula, akala na ule wa pili, akafuata mchuzi kwa kisra mpaka chini, kama mtu aliyekuwa safarini miaka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nalia bila sauti, nikamsikia Afande akilalamika kwamba mzee huyu anamaliza nyama peke yake na wenzake watakula nini.

Nilikwenda jikoni kukaanga mayai ya kuongezea.